Mbona nyumba za Lavenham zimepinda na hazianguki?
Hapana kaka, hiyo nyumba ya Lavenham, kijiji cha kule Suffolk, Uingereza, uliyouliza kama imepigwa na tetemeko, haijapigwa na kitu. Mafundi wa miaka ya 1400 na 1500 walijengea mwaloni mbichi (mti wa oak), maana ukishakauka unakuwa mgumu balaa hata patasi inagoma, sasa wanauchonga ukiwa bado laini, wanasimamisha fremu, alafu mti unaendelea kukaukia humohumo ndani ya nyumba miaka na miaka, ndo hapo unajikunja na kuvuta ukuta mzima. Kuachia haiachii, kwa sababu kwenye maungio hakuna misumari, ni ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu na kigingi cha mbao kimepigiliwa katikati, fremu yote inacheza pamoja kama tenga.

Ukisogea karibu kwenye maungio mara nyingi unakuta namba za Kirumi zimekwaruzwa, fundi alikuwa anapanga fremu chini kwanza, anaweka namba, anafungua, ndo anaenda kusimamisha saiti. Na kati ya nguzo ni fito tu zimekandikwa udongo, nyasi na mavi ya ng'ombe, juu chokaa (bibi yangu angeifanya hiyo kazi amefumba macho 😂).

Ila ile rangi nyeusi na nyeupe mnayoisifia kwenye nyumba za Kiingereza, nyingi ni fasheni ya karne ya 19, Lavenham mbao nyingi utazikuta za kijivu au zimepigwa chokaa pamoja na ukuta. Nyumba zenyewe zimebaki mpaka leo kwa vile biashara ya vitambaa vya sufu iliyokuwa inaleta hela pale ilikufa, hela ya kubomoa na kujenga upya ikakosekana.