Randa yenye kutu: usiitupe bado

Ndugu, umeuliza kama randa ya marehemu babu yako iliyoshika kutu bado inafaa, au uipitishie grenda. Grenda weka mbali kabisa! Kikipata moto, kisu kinageuka rangi ya buluu, na hapo makali hayakai tena.

Kwanza ifungue yote, kisha kagua mwili wake kuzunguka ule mdomo kinapotokea kisu. Ukiona ufa hapo, ibaki pambo tu. Kama hakuna, vipande vidogo vya chuma vilowekwe kwenye siki usiku mmoja (usivisahau humo, siki hula chuma chenyewe pia), sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha palepale na upake mafuta. Ukichelewa dakika chache tu, utaona wekundu unarudi.

Kazi yenyewe iko kwenye kitako, yaani upande wa chini unaoteleza juu ya mbao. Bandika msasa namba 80 juu ya kioo kinene, chora mistari ya kalamu ya wino kitako kizima, kisha sugua. Kisu kiwe kimefungwa mahali pake ila kimerudishwa ndani. Wino unaobaki unakuonyesha mabonde yalipo. Usihangaike kuumaliza wote. Ukifutika mbele, nyuma na kwenye ukingo wa mdomo, inatosha.

Kisu anzia mgongoni, yaani upande ulio bapa: sawazisha sentimita moja ya mwisho mpaka ing'ae, ndipo unoe kwa nyuzi 25, umalizie 30. Mpini ukiwa mzima usiupige msasa, hasa pale mkono wa mzee ulipoulainisha.