Kitendanishi kipi kitaisha kwanza? Usiiamini mizani

Swali la kemia likitaja kiasi cha kitendanishi (dutu inayoingia kwenye mmenyuko) kimoja tu, wanafunzi wengi ninaowafundisha hulimaliza bila shida. Likitaja viwili, kalamu zinasimama. Halafu mtu anachagua chenye gramu chache, anaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Gramu hazisemi lolote hapa. Tuseme una gramu 14 za naitrojeni na gramu 6 za haidrojeni za kutengeneza amonia: N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Haidrojeni inaonekana ndiyo haba, lakini moli, kipimo cha kuhesabu chembe, inasema vingine: kwa gramu 2 kila moli, gramu hizo 6 ni moli 3 nzima. Naitrojeni, kwa gramu 28 kila moli, ni nusu moli tu, nayo inahitaji moli 1.5 za haidrojeni. Naitrojeni inakwisha, na gramu 3 za haidrojeni zinabaki bila kazi.

Basi tulinganishe moli? Bado. Mtego wa pili ndio unaowanasa hata wanafunzi wazuri. Chukua mmenyuko wa themaiti, ule unaotumika kuunga reli:

Fe₂O₃ + 2Al → Al₂O₃ + 2Fe

Una gramu 80 za oksidi ya chuma na gramu 21.6 za alumini. Oksidi, kwa 160 kila moli, ni moli 0.5. Alumini, kwa 27, ni moli 0.8. Alumini ina moli nyingi zaidi, na bado ndiyo itakayoisha kwanza, kwa sababu moli 0.5 za oksidi zinadai moli 1 ya alumini na wewe huna.

Njia ninayoipenda ni kugawa moli za kila kitendanishi kwa namba iliyo mbele yake kwenye mlinganyo uliosawazishwa. Oksidi: 0.5 ÷ 1 = 0.5. Alumini: 0.8 ÷ 2 = 0.4. Jibu dogo ndilo linaloonyesha kitendanishi kikomo, yaani kile kitakachoisha kwanza. Ila shika hili: hiyo 0.4 ni ya kulinganishia tu, si moli za chuma. Nimeona watu wakiizidisha moja kwa moja kwa 56 na kupata nusu ya jibu. Rudi kwenye moli halisi: 0.8 za alumini zinatoa 0.8 za chuma, yaani gramu 44.8. Hayo ndiyo mavuno ya kinadharia, kiasi kikubwa kabisa unachoweza kupata endapo hakuna kinachopotea.

Kabla ya kufunga daftari, hakiki kwa masi. Chuma 44.8, oksidi ya alumini 40.8, oksidi ya chuma iliyobaki 16: jumla 101.6, sawasawa na ulichoanza nacho. Ni dakika moja tu, na mtihani hauna anayekusahihishia kabla hujakusanya karatasi.

Asilimia ya mavuno baada ya hapo ni hesabu nyepesi. Ukikusanya gramu 39.2 za chuma, 39.2 ÷ 44.8 ni asilimia 87.5. Maabarani, hasa kwa mango (kitu kigumu) uliyoichuja kutoka kwenye maji, asilimia ikivuka 100 usishangilie. Mara nyingi umepima na maji. Kausha, pima, kausha tena, hadi mizani itoe namba ileile mara mbili mfululizo.