Ukienda Barbados kwa tamasha la chakula na ramu, anzia jikoni

Nimekwenda Barbados, kisiwa cha Karibea, mara mbili mwezi wa Oktoba kwa ajili ya Barbados Food and Rum Festival. Safari ya kwanza nilitumia pesa nyingi nikarudi na picha. Safari ya pili sikutumia hata nusu ya pesa zile, na nilichojifunza nakipika mpaka leo. Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Tanga, na riziki yangu iko Toronto. Kutoka hapa kuna ndege ya moja kwa moja, safari ya saa tano hivi, na ndugu wengi wa huku wameanza kuniuliza habari za kisiwa hicho. Nawaambia hivi.

Usiende kwa ajili ya mvinyo. Tamasha lilipoanzishwa mwaka 2010, mvinyo ulikuwemo hata kwenye jina lake, pamoja na chakula na ramu. Baadaye jina likabaki na chakula na ramu peke yake, nami naona walifanya vema. Mvinyo utakaomiminiwa pale umesafirishwa kutoka mbali, na huo huo unaupata Toronto au Nairobi. Ramu ndiyo yenye kwao. Inatokana na molasi, ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ya miwa ikishatolewa. Unachachushwa, unachemshwa, mvuke wake unapoozwa ukawa kinywaji, kisha kinalazwa miaka kwenye mapipa ya mwaloni. Kiwanda cha ramu cha Mount Gay kina hati ya mwaka 1703 inayoonyesha kazi hiyo ilikuwa ikifanyika tangu wakati huo. Na ukishika bilauri ile, kumbuka miwa ya wakati ule ililimwa na kukatwa na Waafrika waliotumikishwa, mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1834. Kwangu mimi hilo halitengani na ladha yake.

Tiketi za tamasha huuzwa kwa kila shughuli peke yake, na hapo ndipo nilipokosea. Mwaka ule wa kwanza nilinunua tatu za siku mbili: chakula cha jioni cha wapishi wakubwa, kifungua kinywa cha ufukweni, na karamu ya usiku. Ile ya tatu sikuifaidi. Ulimi ulikuwa umechoka, tumbo limejaa, na sahani zilipita mbele yangu nisikumbuke hata moja. Nunua moja. Ukiweza kuchagua, chukua ile ambayo wapishi wa kisiwani ndio wanaopika, si ile ya mgeni mashuhuri aliyeletwa kwa wiki moja.

Pesa na nafasi ya tumbo inayobaki, ipeleke Oistins.

Oistins ni mji wa wavuvi upande wa kusini, na Ijumaa usiku watu hujaa kwenye vibanda vya samaki kando ya soko. Moshi, muziki, meza ndefu za mbao, wazee wakicheza domino. Utaona kwenye ubao wameandika “dolphin”, na Mswahili wa kwanza niliyekwenda naye alikataa kabisa kuagiza, akidhani ni pomboo. Siyo. Ni fulusi, samaki yule yule tunayemjua pwani yetu. Kuna pia jodari na nduwaro. Agiza wa kuchoma, na pilipili yao ya njano iliyotengenezwa kwa haradali na pilipili mbuzi uiguse kwa ncha ya uma kwanza.

Nina sababu nyingine ya kusisitiza Oistins. Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024 kiliharibu mashua nyingi sana za wavuvi wa Barbados. Pesa unayolipa kwenye kibanda inamfikia mvuvi kwa njia fupi kuliko ile ya tiketi.

Sasa cou-cou, sima laini ya unga wa mahindi na bamia, ambayo sikuielewa mpaka safari ya pili. Hiki ndicho chakula cha taifa, kikiliwa pamoja na samaki wa kuruka. Safari ya kwanza nilikila kwenye kile chakula cha jioni cha wapishi wakubwa, kimepangwa kama keki ndogo, nikakiona cha kawaida. Safari ya pili mwenye nyumba niliyopanga, mama wa makamo, alinikaribisha jikoni kwake. Alikata bamia akazichemsha, kisha akazichuja na maji yake akayaweka kando. Unga wa mahindi alikuwa ameuloweka kwenye maji baridi. Akaurudisha jikoni kwa moto mdogo, akawa anamimina yale maji ya bamia yenye mlenda kidogo kidogo, huku akisonga kwa kijiti bapa cha mbao, chembamba kama ubao wa kriketi wa mtoto. Nilipoomba kujaribu, nikasonga kama ninavyosonga ugali, kwa kukandamiza ukingoni. Akanishika mkono. Cou-cou hausongwi ukawa mgumu. Unageuzwa mpaka uteleze wenyewe na kuachana na sufuria. Mwishoni akarudishia bamia, akapaka bakuli siagi, akaumimina humo, akauzungusha ukawa duara, akaupindua kwenye sahani. Kwa mgongo wa kijiko akabonyeza katikati pakawa na kishimo cha mchuzi.

Nilinyamaza pale mezani. Mahindi yenyewe yalitoka upande wao wa dunia yakaja kwetu, na mkono wa kuyasonga ulitoka Afrika ukaenda kwao. Watu waliofikishwa Barbados walitoka zaidi Afrika Magharibi, kwa hiyo sisemi kwamba ni ugali wetu. Lakini mama yangu angeingia jikoni mle asingehitaji kuelezwa kitu.

Samaki wa kuruka uliza kabla ya kuagiza. Msimu wake ni kuanzia Desemba hadi Juni, na tamasha ni Oktoba, kwa hiyo mara nyingi utakayepewa ametoka kwenye friza. Si vibaya, ila ujue unacholipia. Yule mama alipika fulusi badala yake, kwa ndimu, nyanya, vitunguu na majani ya thaimu, na sikukosa kitu.

Kwa ndugu zangu Waislamu, na yeyote asiyekula nguruwe: uliza kila mahali. Chakula cha Jumamosi kisiwani ni “pudding and souse”, yaani viazi vitamu vilivyokolezwa viungo pamoja na nguruwe wa kachumbari ya ndimu na tango. Hilo ni rahisi kulikwepa. Kinachofichika ni wali wa kunde, ambao wengine huupika kwa mkia wa nguruwe uliotiwa chumvi. Wauzaji hawakasiriki ukiuliza. Na kama hunywi kabisa, kuna mauby, kinywaji cha maganda ya mti, kichungu na kitamu kwa pamoja, na kuna shelisheli la kuchoma. Nililipata kando ya barabara, limechomwa zima kwenye makaa mpaka ganda likawa jeusi, likapasuliwa, likapakwa siagi. Mtu wa Unguja atalia machozi.

Mambo ya safari nayataja upesi. Dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani. Basi nilipanda kwa dola 3.50 za kwao, na kuna vibasi vyeupe viitwavyo ZR ambavyo kwa muziki na msukumano ni daladala kabisa. Wanaendesha kushoto kama sisi. Oktoba ni msimu wa mvua, beba koti jepesi. Usivae wala kubeba nguo ya madoadoa ya kijeshi, hata ya mtoto, sheria inakataza. Na unayetoka Afrika Mashariki, angalia viza ya mahali utakapobadilisha ndege kabla hujalipa tiketi: ukipita Marekani, hata kama hutoki nje ya uwanja, paspoti zetu zinadaiwa viza.

Ukionja ramu, onja mchana, na maji kati ya bilauri na bilauri. Usimeze zote. Kwenye viwanda wanaoeleza kazi yao wana subira kubwa na mtu anayeuliza maswali, nami nilijifunza zaidi kwa kunusa mapipa kuliko kwa kunywa.

Kijiti cha cou-cou nilikinunua sokoni Bridgetown siku ya kuondoka. Kinaning'inia jikoni kwangu karibu na mwiko wa nyumbani, na Jumapili iliyopita binti yangu aliusonga cou-cou mwenyewe, akaupindua, ukatoka duara.