Kubadili rangi ya nguo kwenye picha: kwa nyie mnaoanza GIMP

Ukifungua kibanda cha picha hapa Ngamiani, Tanga, leo, jiandae kwa mama muuza madera atakayekuletea picha ya dera moja jekundu na kukuambia: "Mwanangu, hebu nigeuzie hili liwe kijani, na jingine la zambarau. Mzigo wote ninao, ila aliyenipigia kapiga hili moja tu." Ukiimudu kazi hiyo, mwenye bajaji na fundi rangi anayetaka kumwonyesha tajiri wake ukuta kabla ya kununua ndoo hawatakusumbua.

Programu ya kurekebisha picha ninayowashauri ni GIMP. Ni ya bure, hulipii kwa mwezi na huhitaji kutafuta ya wizi. Waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Kompyuta yako ikiwa ya zamani, toleo la 2.10 linatosha kwa yote nitakayosema. Majina ya menyu nayataja kama utakavyoyakuta kwenye skrini.

Anayeanza akisikia "badili rangi" hukimbilia brashi. Anachota kijani, anapaka juu ya dera, na dera linabaki bapa kama limekatwa kwenye karatasi ya manila: mikunjo hakuna, kivuli cha kwapani hakuna. Kwenye picha ya nguo kuna mambo mawili yamepandana. Kuna mwanga na kivuli, ndivyo vinavyolipa dera umbo, halafu kuna rangi. Wewe unataka kugusa rangi peke yake.

Anza kwa kunakili leya, yaani tabaka lenye picha yako, ufanye kazi kwenye nakala. Kisha itenge nguo, na hapa ndipo muda wako wote utakapokwenda. "Select by Color" inavutia kwa sababu unabofya mara moja tu, lakini kwa dera jekundu itakuponza: ngozi yetu nayo iko upande wa nyekundu na chungwa, kwa hiyo utachukua dera, midomo, na nusu ya mkono. Mimi huzungushia kwa "Free Select" nikipita kijuujuu, natengeneza maski ya leya, yaani pazia linaloficha sehemu nisizotaka, kutokana na hapo, halafu nasafisha ukingo kwa brashi laini. Kwenye maski, nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu kinaonyesha nusunusu. Ukikosea hujaharibu kitu, unapaka rangi ya kinyume na pale panarudi. Vuta picha hadi asilimia 200, uangalie pale mkono wa nguo unapokutana na kiganja na pale pindo la mtandio linapolala begani. Mteja hajui maski ni nini, lakini kidole cha kijani atakiona.

Sasa bofya kijipicha cha leya yenyewe, si cha maski, nenda "Colors", kisha "Hue-Saturation". Rangi zimepangwa kwenye duara: kutoka nyekundu hadi kijani ni nyuzi 120, na kwenda zambarau unarudi nyuma kama 70 hivi. Sogeza "Hue", yaani mahali pa rangi kwenye duara hilo, na dera limegeuka. Ila kijani hicho kitakuchoma macho. Kwenye hesabu ya mwangaza wa skrini, kijani hubeba kama asilimia 72, nyekundu 21, bluu 7 tu, kwa hiyo kilichokuwa chekundu cha kawaida kinawaka kikigeuzwa kijani. Punguza "Saturation" (ukolevu wa rangi) na "Lightness" (mwanga wake) mpaka kitulie. Mteja akitaka damu ya mzee, "Hue" usiiguse kabisa, shusha "Lightness" tu.

Kanzu nyeupe ni habari nyingine. Nyeupe haina rangi ya kuzungusha, utasogeza "Hue" hadi uchoke. Weka leya mpya juu yake, yenye maski ya kanzu hiyo, imwagie rangi unayotaka, ibadili hali yake ("Mode") iwe "Multiply". Vivuli vya kanzu vitapenya vyenyewe. Baibui jeusi ni gumu zaidi, maana lazima kwanza ulipandishe mwanga kwa "Curves", na kwenye picha nyingi za simu hakuna mkunjo uliobaki mle gizani, zinatoka chengachenga. Mwombe mteja picha nyingine.

Kanga, kwa upande wake, ni raha. Iwe nyekundu, nyeusi na nyeupe, "Hue" itageuza nyekundu peke yake, na jina la kanga lililoandikwa kwa weusi litabaki lilivyo.

Picha zikija kwa WhatsApp, mwambie mteja azitume kama dokumenti. Zikitumwa kawaida zinabanwa, na JPEG, aina ya faili inayotumika kwa picha hizo, ikibana huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga, mara nyingi rangi moja kwa pikseli (vidoa vya picha) nne. Matokeo yake wekundu wa dera unavuja kidogo nje ya nguo, na ukishaweka kijani utaona uzi mwekundu umezunguka bega. Dawa yake ni kutanua eneo ulilozungushia kwa pikseli moja au mbili kwa "Grow" kabla ya kutengeneza maski.

Usikisie kijani cha mtu. Mwambie alete dera lenyewe, litazame mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kisha rekebisha. Na kama hana la rangi hiyo dukani, mimi simtengenezei. Mnunuzi wa Muheza akipokea kitu tofauti na picha, ugomvi utafika hadi kibandani kwako.

Hifadhi kazi kama XCF, faili ya GIMP yenyewe, ili leya na maski zibaki, JPEG iwe ya kumpa mteja tu. Bei nayo ipange hivyohivyo: toza vizuri rangi ya kwanza, kwa sababu maski ndiyo kazi, na zinazofuata zipunguze, maana ni kusogeza "Hue" na kutoa nakala.