Ukiachwa mlimani, subiri kundi. Usimsikilize huyo kocha

Mkuu, kabla hujanunua hayo magurudumu ya baiskeli kwa ajili ya mashindano yako ya siku kadhaa, soma tena ulichoandika: "Siku ya tatu kwenye mlima nitawafuata wakali mpaka nikatike niachwe, na nikikatika naendelea mwenyewe, maana kocha anasema kundi la nyuma ni la walioshindwa." Nimesoma mara tatu. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na yalinitoa kwenye mashindano nikiwa nafasi ya sita.

Umeuliza mshindi anapatikanaje. Kila siku ni hatua, na kila hatua ina mshindi wake, lakini bingwa ni yule ambaye jumla ya muda wake wa siku zote ni ndogo kuliko ya wengine. Huyo ndiye anavaa jezi ya njano. Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi, alichukua Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ya 2017 bila kushinda hatua hata moja. Mkifika mkiwa kundi moja lililoshikana mnaandikiwa muda mmoja, wa 5 na wa 60 sawa tu. Watatu wa kwanza mara nyingi hupunguziwa sekunde 10, 6 na 4. Basi. Hesabu ya njano imeisha hapo.

Ambacho hukuuliza, na ndicho kitakachokupandisha basi la kurudi nyumbani, ni muda wa ukomo. Mshindi wa hatua akishafika, makamisaa, yaani waamuzi, wanachukua muda wake na kuongeza asilimia fulani. Siku ya tambarare asilimia ni ndogo, siku ya milima ni kubwa zaidi. Ukivuka mstari baada ya hapo hupewi adhabu ya dakika tano wala kumi. Jina linafutwa. Kesho asubuhi wenzako wanapanga baiskeli, wewe unafunga begi.

Sasa nisikilize. Yangu yalikuwa mashindano ya ridhaa, siku tano. Siku ya tatu tulitoka Moshi, kule Kilimanjaro, tukafika Himo, tukapanda Marangu, tukashuka tena Himo, halafu barabara kuu kupitia Mwanga mpaka Same. Asubuhi ile nilikuwa wa sita, sekunde 38 tu nyuma ya wa tatu. Usiku uliotangulia kocha wetu alituweka kikao akasema mwanaume haonekani kwenye kundi la nyuma, na atakayerudi huko asimtafute tena. Nikaamini. Alikuwa ameendesha miaka mingi kabla yangu, ningembishia kwa lipi?

Wakali waliongeza mwendo mara tu barabara ilipoanza kuinuka. Niliwashika karibu nusu ya mlima, kisha miguu ikakata. Hapo bado hakuna kosa, kukatika mlimani ni jambo la kawaida, hata mabingwa hukatika. Nikamaliza mlima kwa gia nyepesi, nikashuka. Pale Himo, kwenye kona ya kuingia barabara kuu, niligeuza shingo nikaliona kundi la nyuma likishuka. Watu kama 20. Dakika mbili hazifiki.

Mkuu, dakika mbili. Ningekunywa maji, nikala ndizi, nikazungusha pedali taratibu mpaka wanifikie, nikaingia katikati yao nikajificha na upepo mpaka Same. Nilichofanya ni kuinama na kukimbia. Gari la timu lilinipita, kocha akatoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Usigeuke nyuma! Usigeuke!" Sikugeuka.

Kama umewahi kuendesha kati ya Himo na Same unajua ninachosema. Milima ya Upare iko kushoto, inakutazama tu, haikukingi na chochote. Mbele ni uwanda mtupu, na siku ile upepo ulikuja usoni tangu kona ya Himo. Peke yako kwenye upepo wa namna hiyo unafanya kazi yote mwenyewe. Watu 20 wanapokezana, kila mmoja anakata upepo kidogo kisha anarudi nyuma kupumua. Si kwamba nilikuwa na nguvu pungufu kuliko wao. Walikuwa 20, mimi mmoja, ndiyo hesabu yenyewe.

Walinikuta kabla ya Mwanga. Mmoja wao, jamaa mzee kuliko wote kwenye mashindano, akanionyesha kwa mkono, njoo, shika gurudumu, yaani jifiche nyuma ya baiskeli ya mbele. Nikasimama kwenye pedali ili nishike gurudumu la mwisho. Mita 200 hivi nilikuwa nao. Halafu pengo la baiskeli moja, la mbili, la gari, kisha migongo yao ikawa inapungua ukubwa barabarani. Nguvu za kukaa nao nilikuwa nazo pale Himo. Nilizimwaga barabarani kwa ajili ya heshima ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha gari.

Mshindi alitumia saa 3 na dakika 40. Ukomo siku ile ulikuwa asilimia 15, yaani dakika 33. Kundi la nyuma liliingia likiwa limechelewa dakika 24, wote salama, wanacheka, wanamwagiana maji. Mimi niliingia nimechelewa dakika 36. Dakika tatu nje ya ukomo. Kamisaa aliniomba namba ya mgongoni kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulioniumiza. Nilikaa chini ya mkwaju nikalia, na sioni aibu kulisema.

Na kocha? Jioni alisema sikujituma.

Naomba unielewe, sikasiriki kwa sababu alikosea, kila mtu hukosea. Nakasirika kwa sababu anafundisha mashindano ya siku tano kama mbio za siku moja, na bado kuna vijana wanamlipa. Mbio za siku moja ukikatika umekatika, nenda nyumbani. Mashindano ya hatua ukikatika leo kuna kesho, mradi uwe ndani ya muda.

Usidhani hilo kundi la nyuma ni la wanyonge. Wazungu wanaliita grupeto, na limejaa watu wenye mbio kuliko wote duniani, wale wa kumalizia kwa kasi, ambao miili yao haikuumbiwa milima. Wanashikana, wanapiga hesabu ya ukomo, wanakwenda mwendo mmoja. Kwenye Tour de France ya 2011, hatua ya mlima Galibier, kundi zima, zaidi ya watu 80, lilifika nje ya muda. Makamisaa walilirudisha. Mark Cavendish, mmoja wa hao wa kumalizia kwa kasi, alikatwa pointi 20 na bado akaivaa Paris jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Mwaka 2018, hatua ya La Rosière, huyohuyo Cavendish na Marcel Kittel, naye wa kumalizia kwa kasi, walichelewa bila kundi kubwa la kuwabeba, wakaondolewa. Mtu ni yuleyule, sheria ni ileile. Kundi kubwa makamisaa wanaweza kulihurumia, maana wakilifukuza mashindano yanabaki matupu. Mtu mmoja hana anayemtetea.

Halafu Tour ya 2024. Siku ya kwanza, Florence kwenda Rimini, Cavendish alitapika kwa joto, akaachwa mapema kabisa. Wenzake wa timu walirudi, wakakaa naye, wakamvuta mpaka mstarini ndani ya muda. Siku nne baadaye alishinda hatua yake ya 35 na kuvunja rekodi ya Eddy Merckx ya hatua nyingi zaidi kwenye Tour. Biniam Girmay wetu wa Eritrea mwaka huohuo alishinda hatua tatu na kuipeleka jezi ya kijani mpaka mwisho, na ile jezi hukabidhiwi kama hujavuka milima yote ndani ya muda. Nani atamwambia Girmay ameshindwa?

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiona pumzi haiko sawa mlimani, usisubiri mpaka miguu ikate kabisa. Legeza mapema, kula wakati bado una hamu ya kula, na wakikufikia ingia katikati ya kundi, si mkiani. Mkiani kila kona unaachwa na kulazimika kukimbiza. Zamu yako ya kukata upepo ikifika, itimize, hata kama ni fupi. Atakayejificha kutwa nzima wanamkumbuka kesho yake.

Uliuliza pia kuhusu matairi na jezi ya milima, ya mpandaji bora, nimeona. Matairi yoyote mazima yatakufikisha. Hilo la jezi nitarudi.

Kwanza niwekee hapa ramani ya hatua yako ya tatu: kilele kiko kilomita ya ngapi, baada yake kuna tambarare kiasi gani, na upepo wa mchana huko kwenu unatoka upande gani. Nitakuonyesha kona ya kusubiri. Na huyo kocha wako mwulize swali moja tu, ukomo wa hatua hiyo ni asilimia ngapi. Akibabaika, niambie.