Ushauri kwa Mkristo Aliyeambiwa na Daktari Afanye Yoga

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Arusha. "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu," aliandika. "Nina maumivu ya mgongo tangu nijifungue, na daktari ameniambia nijiunge na darasa la yoga. Wenzangu wa kikundi cha sala wamenikataza. Wanasema kila mkao una pepo wake, na nikikaa hivyo nimemkaribisha. Nimeacha, lakini mgongo hauniachi. Je, ni dhambi?" Nilimjibu usiku uleule kwamba kunyoosha mgongo si dhambi. Kisha nikabaki na simu mkononi kwa muda mrefu, kwa sababu maneno hayo ya pepo na mikao niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko ya hao wenzake, na miaka kadhaa baadaye yakaja kusemwa juu yangu.

Mwaka 2009 nilikwenda Pune, katika jimbo la Maharashtra, kusomea shahada ya uzamili. Sitasimulia habari za viza, chakula na upweke wa miezi ya kwanza, kwani kila aliyesoma India anazijua. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja Mhindu aliyestaafu ualimu wa Kisanskriti. Nilimwita Kaka, neno ambalo kwa Kimarathi humaanisha baba mdogo, naye aliniita kwa jina langu la ubatizo bila kulikosea hata siku moja. Nilikuwa kijana mwenye bidii ya dini na maarifa haba. Jioni moja, akiwa ameketi barazani na kikombe chake cha chuma cha chai, nilimweleza, bila kuulizwa, kwamba kosa la Uhindu ni kumfundisha mwanadamu kuwa yeye ni Mungu. Hakukasirika. Alikunywa chai kidogo, akakiweka kikombe sakafuni, akaniuliza maneno mawili tu: "Darshana ipi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hata neno lenyewe sikulijua. Darshana kwa Kisanskriti ni kutazama, na ndilo jina la mikondo mikuu ya falsafa ya Kihindu inayoikubali mamlaka ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu. Kwa desturi huhesabiwa sita: Nyaya, Vaisheshika, Samkhya, Yoga, Mimamsa na Vedanta. Nilikuwa nimeihukumu dini ya mwenyeji wangu mbele yake, nyumbani kwake, wala nisiweze kutaja hata mmoja. Fedheha ile ilinifundisha kuliko shahada iliyonipeleka.

Ushauri wangu wa kwanza kwa Mkristo, na kwa kweli karibu ushauri wote utakaofuata ni huohuo kwa sura nyingine, ni kwamba aulize ni darshana ipi kabla hajafungua kinywa kukemea. Niliyoyasema barazani pale yanamgusa Shankara, mwalimu wa Vedanta aliyefundisha kwamba nafsi na Brahman, yaani uhalisia mkuu ulio asili ya vyote, si viwili. Lakini ndani ya Vedanta hiyohiyo, Ramanuja alishikilia kwamba roho na ulimwengu ni kama mwili wa Mungu, havitengani naye lakini pia si yeye, na kwamba njia ya kumfikia ni upendo. Madhva, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi akasema kwamba Mungu na roho ni tofauti milele. Wanamimamsa wao waliiheshimu Veda hata wakasema haina mtunzi, na hawakuona haja ya Muumba kwa ulimwengu ambao kwao haukuwa na mwanzo. Mtu anayesema "Wahindu wanaamini hivi" amekwisha kukosea kabla sentensi haijakamilika.

Kaka aliamua kunifundisha, akaanza na Nyaya, mkondo wa hoja na mantiki. Alinipa mfano ambao wanafunzi wa India wameukariri kwa karne nyingi: mlima ule una moto; kwa sababu una moshi; palipo na moshi pana moto, kama jikoni; na mlima ule una moshi wa namna hiyo; basi una moto. Nilifurahi mno, nikamwambia kwamba kwetu kila mtoto hufundishwa kuwa pafukapo moshi pana moto. Alinitaka nimwandikie methali hiyo kwenye daftari lake, nikamwandikia, naye akairudia kwa Kiswahili mpaka akaishika. Kisha akanionyesha jinsi Udayana, mwanafalsafa wa Nyaya aliyeishi takriban miaka elfu moja iliyopita, alivyotumia hoja za namna hiyo kuthibitisha kwamba Mungu yupo. Dunia ni kitu kilichofanyika, na kilichofanyika kina mtendaji anayejua anachokifanya, kama chungu kilivyo na mfinyanzi. Mkristo aliyelelewa na hoja za Mtakatifu Tomaso wa Akwino atajihisi yuko kwa jirani wa karibu. Hata hivyo, ni kwa jirani na si nyumbani, kwa maana Mungu wa Nyaya huipanga dunia kutokana na chembe zilizokuwapo siku zote, wala haiumbi pasipo kitu.

Sasa nije kwenye yoga, ambayo ndiyo iliyomsumbua dada yetu. Sutra, yaani semi fupi, za Patanjali, anayehesabiwa kuwa mtunzi wa kitabu cha msingi cha mkondo wa Yoga, ni 195, au 196 kwa hesabu ya nakala nyingine, na kati ya hizo ni tatu tu zinazozungumzia mkao wa mwili. Zinachotaka ni kwamba mkao uwe thabiti na wa raha. Mikao mingi inayofundishwa leo katika kumbi za mazoezi imetokana na vitabu vya hatha yoga, yaani yoga ya mazoezi ya mwili na pumzi, vya karne za baadaye na ubunifu wa walimu wa karne ya 20, hasa waliofundisha Mysore, mji wa kusini mwa India. Kwa hiyo anayetafuta pepo katika mkunjo wa goti anamtafuta mahali ambapo Patanjali mwenyewe hakuweka uzito. Yeye alianza na maadili: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na kutojilimbikizia mali. Orodha hiyo ninaitumia mpaka leo ninapojichunguza kabla ya kitubio.

Lakini nisieleweke vibaya. Yoga ya Patanjali ina fundisho zito ambalo Mkristo hawezi kulipokea, na linatokana na Samkhya. Samkhya inagawa vyote katika pande mbili. Upande mmoja ni prakriti, yaani maumbile yote, na humo wameweka si mwili tu bali pia akili, hisia na hata ule utambuzi unaosema "mimi". Upande wa pili ni purusha, shahidi anayetazama bila kutenda. Kaka alinieleza hayo kwa bilauri ya maji. Aliiweka juu ya meza karibu na dirisha, akaenda uani kuchuma ua jekundu la haibiskasi, akalisimamisha nyuma ya bilauri. Maji yakaonekana mekundu. "Je, yamekuwa mekundu?" aliniuliza. Akaliondoa ua, maji yakarudi meupe. "Huzuni yako, furaha yako, njaa yako, zote ni ua. Wewe ni maji." Walimu wa zamani, aliniambia, walitumia kioo cha fuwele na ua kama hilohilo.

Ndiyo maana lengo la yoga hiyo huitwa kaivalya, yaani upekee, hali ya shahidi kubaki peke yake, ametengana na maumbile yote. Katika semina zetu tunasikia kila mara kwamba yoga ni kuungana na miungu, lakini kwa Patanjali mwisho wa safari si kuungana na yeyote, bali ni kutengana. Hata yule Ishvara, yaani Bwana, anayemtaja ni purusha wa pekee asiyeguswa na mateso wala matunda ya matendo, mwalimu wa walimu wa kale, lakini si Muumba. Hapa ndipo Mkristo anapopaswa kusimama na kubishana, kwa upole na kwa nguvu zake zote. Mimi niliilia maiti ya mama yangu. Kama aliyelia ni ua tu na mimi ni maji, basi ni nani aliyempenda? Imani yetu inasema Neno alifanyika mwili, na inangoja ufufuko wa miili.

Nilirudi nyumbani mwaka 2012 nikiwa na moyo uliojaa. Mwaka 2016 niliombwa kutoa mada kwenye semina ya parokia moja, nikachagua mada hii. Nilianza na Nyaya na moshi wake, nikapita kwenye maadili ya Patanjali, na nilipowaomba vijana wakae wima na kuvuta pumzi polepole ili nieleze neno pranayama, yaani kuiongoza pumzi, mama mmoja alisimama akaanza kukemea. Ukumbi ukamfuata. Nilisimama mbele ya watu ninaosali nao, mkono ukiwa bado juu ya kifua, nikikemewa kama mgonjwa wa mapepo. Siku chache baadaye nilitumiwa ujumbe wa simu kwamba nisifundishe tena. Hakuna aliyenipigia kuniuliza nilikusudia nini. Nimewasamehe, na bado inaniuma.

Hata hivyo nina sehemu yangu ya kosa, na naiandika ili msomaji asiirudie. Nilitanguliza yote mazuri, nikaiweka tofauti mwishoni, na mwisho haukufika. Mwenye kufundisha mambo haya kanisani aanze na bilauri na ua, aseme wazi mahali ambapo Kristo na Patanjali wanaachana, ndipo aeleze tunachoweza kujifunza. Wasikilizaji wanaojua kwamba umesimama imara watakufuata mbali.

Lakini nasi, ndugu zangu, tuulizane. Tumeishi na Wahindu Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Nairobi kwa vizazi na vizazi, na tulichokihifadhi katika lugha yetu ni methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa". Methali hiyo imetuzoesha kuchukua kiatu na kumdharau mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya na yoga hata leo. Anayeikemea hajawahi kumuuliza Mhindu anaamini nini, na anayeifanya kwa ajili ya kiuno hajawahi kuuliza pia. Wote wawili wameacha kumtazama mtu, na mtu huyo ni yule ambaye Kristo alituamuru tumpende kama nafsi zetu.

Waliotutangulia walifanya kazi ngumu zaidi. Roberto de Nobili, Mjesuiti wa Italia, alifika Madurai, kusini mwa India, mwaka 1606, akajifunza Kitamil na Kisanskriti, akavaa na kula kama watawa wa huko. Alishtakiwa na Wakristo wenzake mpaka Papa Gregori XV alipoamua suala lake mwaka 1623. Namheshimu, ingawa siwezi kumsifu kwa jinsi alivyouvumilia utengano wa matabaka. Nehemiah Goreh, Brahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, wa mji wa Banaras, alianza kwa kuandika dhidi ya Ukristo, akabatizwa mwaka 1848, na baadaye akaandika kwa Kihindi kitabu cha kuipinga mikondo yote sita, mmoja baada ya mwingine, akiijua kutoka ndani. Brahmabandhab Upadhyay, Mbengali aliyebatizwa mwaka 1891, alishika njia tofauti kabisa: alitaka Vedanta iitumikie theolojia kama Aristotle alivyomtumikia Tomaso wa Akwino. Alitunga kwa Kisanskriti utenzi wa kuusifu Utatu Mtakatifu kwa majina ya Sat, Chit na Ananda, yaani Kuwapo, Ufahamu na Furaha. Wakuu wa Kanisa walimzuia, naye akafa mwaka 1907 akiwa na majeraha ambayo naamini nayaelewa kidogo. Goreh alikataa na Upadhyay alikumbatia, lakini hakuna hata mmoja ambaye angeulizwa "Darshana ipi?" akakosa la kujibu.

Kwa dada wa Arusha, basi, ninasema hivi. Nenda darasani. Muulize mwalimu ni maneno gani yanayoimbwa hapo na maana yake, na kama ni sala kwa mungu asiye Mungu wako, mwambie kwa heshima kwamba utanyamaza au utatafuta darasa jingine. Mwalimu mwaminifu hatakasirika. Barua ya Vatikano ya tarehe 15 Oktoba 1989 juu ya tafakari ya Kikristo haikuzikataa mbinu hizi moja kwa moja, bali ilionya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Shika hilo. Ukimaliza mazoezi na kuhisi wepesi, umepata mgongo uliolegea, nawe umshukuru Mungu kwa huo. Sala yako bado inakungoja nyumbani. Na hao wenzako wa kikundi, wasomee ujumbe huu, lakini anza na sehemu ya ua.

Jioni ya mwisho kabla sijaondoka Pune, nilimpelekea Kaka Injili ya Yohane kwa Kimarathi, nikamwomba asome sura ya 20. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kama alivyokuwa akisoma sutra. Alipofika mahali Tomaso anapoambiwa alete kidole chake aitazame mikono, na mkono wake autie ubavuni, alirudi nyuma akasoma tena. Alivua miwani. Aliitazama meza iliyo karibu na dirisha kwa muda.

"Huyu hakuliondoa ua," alisema.

Kisha akaniomba nimwachie kitabu.