Nimeacha unga, wamenihama: je, kunisusa ni Sunna?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nimeacha unga wa kulevya, sasa naingia mwezi wa tano. Nyumbani sahani yangu imetengwa, na msikitini nikiingia kwenye safu, mtu husogeza simu yake. Kaka yangu anasema kunihama ni Sunna, kama alivyohamwa sahaba Kaab bin Malik, mpaka nithibitike. Wanaonichangamkia ni wale wa kijiweni tu. Je, ni dhambi kukaa nao bila kuvuta?

JIBU: Wa alaykumus salaam, ndugu yangu. Katika maneno yako yote, iliyoniumiza zaidi ni hiyo sahani.

Kijiweni usiende. Yule wa kwenye hadithi, aliyeua watu 99 kisha akatimiza 100, alipotaka kutubu aliambiwa na mwanachuoni asirudi kwao, kwani ni nchi mbaya. Lakini wahubiri wetu wengi huishia hapo. Mwanachuoni yule alimwambia pia aende wapi: kwa watu wanaomwabudu Allah, aabudu pamoja nao. Wewe umeshahama. Hao wa kukupokea wako wapi?

Sasa nije kwa kaka yako. Kaab alibaki nyuma bila udhuru Mtume ﷺ alipotoka kwenda vita vya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Aliyeamuru ahamwe ni Mtume ﷺ, si kaka mtu aliyechoka. Msikitini aliendelea kuswali karibu na Mtume, na anasimulia kwamba akielekea kwenye swala yake, Mtume humtazama. Baada ya siku 50 toba ikashuka, na sahaba mwenzake Talha bin Ubaydullah akanyanyuka mbio kumpa mkono; Kaab hakulisahau hilo maishani. Anayedai kufuata Sunna ile aifuate mpaka kwenye mbio za Talha! Kuhama ni dawa, na wanazuoni wameifunga na maslahi: ikimsukuma mtu kwenye maasi, haifai. Hata mlevi aliyekuwa ametoka kuchapwa kwa pombe, watu walipomwombea fedheha, Mtume ﷺ alisema wasimsaidie shetani dhidi yake. Sembuse wewe uliyeacha?

Kuhusu simu siwalaumu sana. Uraibu huiba kwa mikono ya mtu. Mwenye simu aitie mfukoni, halafu akupe mkono. Nawe ulichowahi kuchukua, anza kukirudisha hata kidogo kidogo.

Usiswalie chumbani kwa kuona haya. Mtume ﷺ amesema mbwa mwitu humla kondoo aliyejitenga. Mtafute imamu, umwombe kazi hapo msikitini, hata kukunja mikeka, ili siku usipofika uulizwe. Kama uko kwenye methadoni, dawa wanayopewa walioacha unga, ni tiba. Anayekwambia hujaacha mpaka uiache asikutie wasiwasi, muulize daktari wako.

Na mwonyeshe kaka yako haya: mwili uliokaa miezi bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani, na anayerudia akiwa peke yake anaweza kufa bila mtu kujua. Kwa hiyo hamu ikikushika usiku wa manane, mgongee mlango. Akikasirika, akasirike, lakini akae nawe mpaka alfajiri.